Barua ya wazi kwa polisi na kampuni za ulinzi: vihesabuni pamoja ving'ora vya uongo

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kudhibiti Usalama wa Kibinafsi,
Kwa wakurugenzi wa kampuni zinazofunga na kusimamia ving'ora vya wizi nchini Kenya,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, na kwa uchungu vilevile. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika chumba cha mawasiliano cha kampuni ya ulinzi hapa Mombasa. King'ora kikilia Nyali, Kizingo au Bamburi, taarifa inatokea kwenye skrini na aliye zamu inambidi aamue papo hapo nani apigiwe simu na gari lipi litumwe. Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti kile anajua ninachotaka kusema: ving'ora vingi mno vinalia bila mwizi, na vitaendelea kulia hivyo maadamu polisi na kampuni kila mmoja ana daftari lake na hakuna anayemfungulia mwenzake.

Anayeumia kwanza ni askari wa doria wa kampuni. Ujumbe wa king'ora husafiri kwa redio au kwa mtandao wa simu hadi chumba cha mawasiliano. Mhudumu anapiga simu nyumbani kwa mteja na kuuliza neno la siri, na wakati huohuo gari la doria lililo karibu linaambiwa likimbie. Ndani yake wamo vijana wawili au watatu, helmeti kichwani, rungu mkononi. Walinzi wa kampuni hapa kwetu hawabebi bunduki. Wanafika usiku kwenye lango wasilojua nyuma yake kuna paka au kuna watu wenye mapanga. Mara ya kwanza wanaingia kwa tahadhari zote. Nyumba ileile ikiwaita tena juma hilohilo, kisha tena, na kila wakifika wanakuta ni pazia lililopeperushwa na feni, tahadhari inapungua. Hawa ni binadamu. Inafika siku wanasimama langoni tu, wanapiga honi, wanamulika tochi juu ya ukuta, wanamuuliza bawabu kama kuna neno, kisha wanaripoti redioni kwamba kuko salama. Na wezi wa Mombasa hawapiti langoni. Wanapita nyuma, kwenye uchochoro, kwa dirisha la jikoni.

Anayefuata kuumia ni mwananchi asiye na king'ora wala uwezo wa kukilipia. Gari la polisi lililokwenda Nyali kutazama nyumba tupu ndilo gari ambalo lingekuwa barabarani Kisauni saa hiyo, au ng'ambo ya feri kule Likoni, mahali ambapo mama mwenye kibanda cha chai akivamiwa hana kitufe cha kubonyeza. Mafuta yaliyochomwa na saa za askari zilizopotea ni mali ya umma. Mama huyo wa Likoni amezilipia kwa kodi kila aliponunua sukari, sawasawa na mwenye nyumba ya ghorofa.

Halafu kuna madhara ambayo hayaonekani kwenye kitabu chochote. Polisi wamezoea kutotuamini. Unapiga simu kituoni usiku, na sauti ya upande wa pili inakuuliza, "Mmethibitisha?" Ni swali la haki kabisa, nami ningekuwa askari ningeliuliza. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kuthibitisha maana yake nini. Je, ni simu mbili zisizopokelewa? Ni dirisha lililovunjwa? Ni mlinzi wetu aliyeona mtu kwa macho yake? Kila kampuni ina jibu lake, na kila mkuu wa kituo ana lake. Katikati ya majibu hayo familia iliyovamiwa kweli inangoja.

Nchi zilizotutangulia katika ving'ora zilitutangulia pia katika kuchoka navyo. Mwaka 2002 polisi wa Marekani walikimbilia ving'ora takriban milioni 36, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 1.8. Kati ya mia, vya uongo vilikuwa baina ya 94 na 98. Mji wa Salt Lake City ulikata shauri mwishoni mwa mwaka 2000: polisi hawataitika king'ora cha wizi mpaka mtu aone dalili za uhalifu, na wa kwanza kutumwa awe mlinzi wa kampuni binafsi. Safari za polisi kwenye ving'ora zilipungua kwa karibu asilimia 90. Polisi wa Toronto, Kanada, walishika njia hiyo Septemba 2018. Seattle, Marekani, walifuata Oktoba 2024, baada ya kuona kwamba kati ya ving'ora kama 13,000 vilivyowafikia mwaka 2023, chini ya asilimia 4 ndivyo vilivyokutwa na uhalifu uliozaa kesi au ripoti. Sasa kule king'ora lazima kije na ushahidi: picha, sauti, mtu aliyeshuhudia, au kitufe cha dharura kilichobonyezwa.

Someni tena habari ya Salt Lake City, waheshimiwa. Kile ambacho mji ule ulihitaji sheria mpya ili kukipata, yaani mlinzi wa kampuni kutangulia na polisi kufuata, sisi tunacho tangu zamani. Hapa Kenya gari la kampuni ndilo linalofika kwanza. Sehemu iliyo ngumu na ya gharama tumeshaijenga. Tulichokosa ni mazungumzo baina ya huyu aliyefika kwanza na yule anayeitwa baadaye, na rekodi ya yale waliyoyakuta.

Waingereza ndio walionifundisha jambo la rekodi. Kule kila mtambo wa king'ora unaostahili kuitikiwa na polisi hupewa namba yake ya kipekee na jeshi la polisi la eneo hilo. Ili uipate namba hiyo, lazima mtambo ufungwe na kampuni iliyokaguliwa na chombo kinachotambuliwa, na mtambo wa kisasa sharti uweze kujithibitisha, kwa mfano sensa mbili tofauti, yaani vifaa vya kuhisi mtu akipita au mlango ukifunguliwa, zishtuke moja baada ya nyingine kabla polisi hawajaitwa. Mtambo ukiita polisi bure mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili, haki ya kuitikiwa upesi inaondolewa mpaka kasoro irekebishwe. Hakuna ubishi wala kujuana na mkuu wa kituo; kila kitu kinasomwa kwenye rekodi ya namba ile. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu polisi na wafungaji wa ving'ora walikubali kutumia kanuni moja nchi nzima.

Nije sasa kwenye chanzo, kwa sababu nasikia mara nyingi wakubwa wakisema wateja ni wazembe. Ndiyo, makosa ya mtumiaji ni mengi. Mwenye nyumba anatoka, anasahau simu, anarudi ndani huku mtambo umeshawashwa. Mgeni wa kutoka Nairobi hajaambiwa namba. Msaidizi wa nyumbani aliyeanza kazi jana amepewa ufunguo bila kuelezwa kwamba kuna kitu ukutani kinachotaka kuzimwa. Lakini jiulizeni: nani alimwelekeza? Mara nyingi fundi alimwelekeza baba mwenye nyumba tu, siku moja, kwa haraka, akatia sahihi karatasi akaondoka. Wanaoishi na mtambo ule mchana kutwa ni wengine kabisa. Kule Marekani watengenezaji waliwekewa kiwango kinachoitwa CP-01, ambacho kinaufanya mtambo wenyewe uyameze makosa ya kawaida: ukirudi ndani ukiwa ndio kwanza unatoka, muda unaanza kuhesabiwa upya, na ujumbe husubiri kidogo kabla ya kutumwa ili aliyekosea apate nafasi ya kuuzima. Mitambo mingi inayouzwa leo ina uwezo huo ndani yake. Fundi anapaswa kuuwasha tu.

Na pwani ina mambo yake. Sensa ya mwendo inatambua joto linalosogea mbele yake. Sasa mwekee mjusi kafiri juu ya kioo cha sensa hiyo, anayewinda wadudu waliofuata taa. Kwa sensa, mjusi aliye sentimita moja mbele ya kioo ni mkubwa kama mtu aliye mwisho wa ukumbi. Buibui hali kadhalika. Popo wanaingia barazani usiku. Upepo wa kusi unasukuma mlango ambao sumaku yake imelegea. Hewa ya bahari inaleta chumvi, chumvi inaleta kutu kwenye viungio vya nyaya, na waya ulioliwa na kutu unagusa na kuachia kama vile mlango unafunguliwa na kufungwa. Uzio wa umeme juu ya ukuta una adui wake: bogenvilia. Inapendeza, inakua haraka, na mvua za masika zikinyesha tawi lililolowa linalala juu ya waya na king'ora kinalia mtaa mzima usiku kucha. Kisha stima inapotea. Betri ya mtambo ambayo haijabadilishwa tangu ifungwe inashikilia kwa muda mfupi, volti inashuka, na mtambo unaanza kutuma ujumbe wa ajabu. Stima ikipotea eneo kubwa, chumba cha mawasiliano kinajaa miito ya nyumba nyingi kwa pamoja, na kama katikati yake yupo mwizi wa kweli aliyengoja giza hilo, mwambieni mhudumu amtambue vipi.

Hakuna hata moja kati ya hayo lisilo na dawa. Sensa isogezwe mbali na taa na feni. Zifungwe sensa mbili zinazosubiriana. Betri ibadilishwe kabla haijafa. Bustani ikatwe. Nje zitumike sensa zilizoundwa kwa nje, si za ndani zilizofichwa chini ya paa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia fundi aende. Na hapa ndipo pana kidonda. Askari wa doria akirudi kutoka nyumba yenye king'ora cha uongo, anaandika "sababu haijulikani", au haandiki kitu. Chumba cha mawasiliano kinafunga tukio. Idara ya mafundi haipati habari mpaka mteja mwenyewe alalamike, naye mteja amekwishachoka, ameuzima mtambo na hauwashi tena. Analipa kila mwezi kwa ajili ya kibandiko cha kampuni langoni. Kama polisi walikwenda pia, matokeo yao yanabaki kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na kampuni haitayaona kamwe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nikianza na nyinyi wakurugenzi wa kampuni, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo ni yenu.

Msipige simu polisi mpaka mmepiga namba mbili tofauti za mteja. Wamarekani wamelifanya hili kuwa desturi, na majimbo kama Florida yameliweka kwenye sheria. Simu ya kwanza mara nyingi inaita mkobani au imezimwa, ya pili humpata mke, ndugu, au msimamizi wa jengo, naye anasema, "Ni mimi, nimefungua duka mapema." Ving'ora vingi vitakwisha hapohapo. Askari wenu wa doria wazunguke nyumba yote, nyuma pia, na wateja watakaokubali waache ufunguo wa lango kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Askari akikuta hakuna kitu, aandike chanzo anachokishuku, hata kama ni kwa neno moja: mjusi, betri, mti, mtoto. Nyumba iliyolia bure mara tatu ipate fundi bila mteja kuomba na bila kulipishwa ziara hiyo. Najua itawagharimu. Lakini gari lenu likikimbia usiku mara kumi kwenye nyumba moja mnalipa mafuta, matairi na, Mungu apishie mbali, maisha ya kijana aliyegongwa akiwahi king'ora cha buibui. Na washindani wenu msiwafiche takwimu hizi. Mjusi wa mteja wenu ni yuleyule wa mteja wao.

Kwako Inspekta Jenerali, naomba vituo vipewe maana moja ya neno "imethibitishwa", iandikwe, ibandikwe kwenye dawati la kila kituo na kila chumba cha mawasiliano. Pendekezo langu ni fupi: mlinzi ameona mtu au ameona uharibifu, au kamera imeonyesha mtu ndani, au sensa mbili za sehemu tofauti zimeshtuka moja baada ya nyingine na hakuna mwenye nyumba aliyepatikana, au kitufe cha dharura kimebonyezwa. Simu yenye mojawapo ya hayo iitikiwe kama tukio linaloendelea. Isiyo na hata moja isubiri taarifa ya doria. Naomba pia kila kituo chenye mitaa ya ving'ora kiwe na afisa mmoja ambaye kazi yake ni kuzungumza na kampuni, na namba ya simu isiyobadilika kila mkuu wa kituo akihamishwa. Askari akikuta nyumba salama, matokeo yaifikie kampuni siku ileile, na akikuta imevunjwa yaifikie vilevile, maana kampuni inahitaji kujua pia ni vipi king'ora kilifanya kazi yake.

Kuna jambo nyeti ambalo sitalipita. Kumekuwa na mipango ya askari polisi wenye silaha kupanda magari ya doria ya kampuni usiku. Naelewa kwa nini. Nimeeleza hapo juu vijana wetu wanakwenda na nini mkononi. Kwa mitaa mingine mpango huo umeokoa maisha. Lakini kila askari aliyeketi ndani ya gari la kampuni anakimbilia ving'ora vya wanaolipa, na kama vingi ni vya uongo, basi tumeichukua bunduki ya umma na kuizungusha mtaa wa matajiri kutafuta popo. Mpango huo ukiendelea, uwe wa maandishi na wazi, na kampuni ambayo ving'ora vyake vya uongo havipungui isipewe askari.

Kwako Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka: sheria ya mwaka 2016 ndiyo iliyoizaa ofisi yako, na inataka kampuni binafsi zishirikiane na vyombo vya usalama vya taifa. Miaka imepita, na macho ya ofisi yako yamekuwa zaidi kwa mabawabu: usajili wao, mafunzo yao, mishahara yao. Ni haki yao, na wamecheleweshewa sana. Ila fundi anayepanda ngazi na kufunga sensa juu ya feni hajaulizwa amefundishwa wapi. Naomba mafundi wa ving'ora wawe na mtihani na leseni, kila mtambo uliounganishwa na chumba cha mawasiliano uwe na namba yake, na kila kampuni itoe kwa Mamlaka na kwa polisi hesabu ya kila mwezi: vimelia vingapi, vya uongo vingapi, kwa sababu gani. Majina na anwani za wateja zisitangazwe. Orodha ya nyumba zenye ving'ora vibovu ikivuja ni zawadi kwa wezi. Hesabu ya jumla inatosha kwa umma. Polisi na kampuni ndio wanaohitaji undani wake.

Mtashawishika kuanza na faini kwa wenye nyumba, kwa sababu ni rahisi na zinaleta fedha. Nawasihi msianzie hapo. Mwenye nyumba aliyetozwa faini kwa kosa la fundi atauzima mtambo, nasi tutahesabu ukimya wake kuwa mafanikio. Faini ianze kwa kampuni inayoiacha nyumba ileile ilie bila kuitengeneza. Kama kampuni ina ushahidi kwamba ilimtuma fundi, ilimwelekeza kila anayeishi mle ndani, na mteja akakataa kukata mti wake, hapo bili ihamie kwa mteja, nami sitamtetea.

Na kitufe cha dharura kisiguswe na masharti haya. Mtu akikibonyeza, polisi waitwe mara moja, hata kama nyumba hiyo imelia bure mwaka mzima. Kuna mwanamke anayekibonyeza akiwa amejificha bafuni, hawezi kupokea simu wala kutaja neno la siri kwa sauti. Watoto watakichezea, ndiyo, na vitufe vingine vitabonyezwa kwa kukaliwa kwenye kochi. Dawa yake ni vitufe vinavyotaka kubonyezwa pande mbili kwa pamoja. Kuchelewesha msaada si dawa.

Haya hayahitaji bunge wala bajeti kubwa ili yaanze. Chukueni vituo viwili vya polisi hapa Mombasa na kampuni zenye wateja katika maeneo yao. Waiteni wahudumu wa vyumba vya mawasiliano, askari wa doria, mafundi na maafisa wa zamu ya usiku, si mameneja peke yao. Kila mmoja aje na daftari lake la miezi mitatu iliyopita, wayafungue pamoja, waziandike nyumba zilizolia zaidi ya mara tatu na wagawane kazi: fundi huyu nyumba hizi, kampuni ile nyumba zile, polisi warudishe matokeo. Baada ya miezi mitatu mingine wakutane tena na kulinganisha. Kama ving'ora vya uongo vimepungua, mpelekeeni kila mkuu wa kituo nchini karatasi hiyo. Kama havikupungua, tuambieni hadharani kwa nini, nasi tulio na ujuzi wa kazi hii tutakuja kusaidia bila malipo.

Wenu katika kutafuta usalama wa wote,

Mhudumu mstaafu wa chumba cha mawasiliano,
Mombasa